Saa Saba Kwenda, Saa Ishirini na Mbili Kurudi

Leo chukueni kalamu na karatasi, kwa sababu mazungumzo yetu yanaanza na hesabu.

Tarehe 28 Oktoba mwaka 2018, Shirika la Ndege la Kenya lilianza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alifika uwanjani kuiaga ndege ya kwanza. Ratiba iliyotangazwa wakati huo ilikuwa hivi: kuondoka uwanja wa Jomo Kenyatta saa 5:25 usiku, kufika uwanja wa John F. Kennedy saa 12:25 asubuhi. Kurudi, kuondoka New York saa 6:25 mchana, kufika Nairobi saa 4:55 asubuhi ya siku ya pili yake.

Hesabuni kwa vidole. Kwenda ni saa 7. Kurudi ni saa 22 na nusu. Ndege ni ile ile, viwanja ni vile vile, na njiani haitui popote. Mzazi aliyekatiwa tiketi kama hiyo na mwanawe aliye New Jersey ana haki ya kuuliza kama huko kwenye kurudi kuna mahali atalazwa bila kuambiwa.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni nyepesi, tuimalize haraka. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali penyewe: ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Sisi tuko mbele yao kwa saa 8 wakati wa baridi yao, na saa 7 wakati wa joto, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi saa zetu hatuzigusi. Wenye watoto huko wanaijua habari hii kwa simu: ile iliyokuwa ikilia saa 2 usiku, ghafla inalia saa 3. Basi ukienda magharibi, jumlisha: 7 na 8 ni 15. Ukija mashariki, toa: 22 na nusu ukiondoa 8 inabaki 14 na nusu. Safari ya kwenda ni saa 15 na ya kurudi ni saa 14 na nusu.

Lakini hapo ndipo panaponivutia mimi. Kwa nini zisilingane? Tena kati ya viwanja hivi viwili kuna kilomita zipatazo 11,800, na ndege ya aina ya Boeing 787 huruka kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa au pungufu kidogo. Gawanya. Unapata saa 13 na dakika chache. Karibu saa mbili zimekwenda wapi? Nawaomba tuzitafute pamoja, kwa sababu tukizipata tutajua kwamba umbali wa safari haukai kwenye ramani peke yake. Baadhi ya saa hizo ni za upepo, baadhi ni za milima, na baadhi, nasema hili kwa uchungu, ni za wanadamu.

Tuanze na hizo kilomita 11,800 zenyewe. Ukitazama ramani ya ukutani, utaweka rula kutoka Nairobi hadi New York, na mstari wako utapita kaskazini mwa Kongo, utashika njia ya Nigeria na Mauritania, kisha bahari. Hiyo si njia fupi. Ramani ya ukutani imeilaza dunia iliyo mviringo kwenye karatasi bapa, na ukiilaza hivyo lazima kitu kipindike. Mwenye tufe la dunia, lile la darasani, achukue uzi, ashike ncha moja kwenye Nairobi na nyingine kwenye New York, auvute mpaka ukaze. Ataona uzi unapanda kaskazini zaidi kuliko alivyodhani. Unakata Uganda, unapita Sudan Kusini na pembe ya Darfur, Chad, Niger, Algeria, unatoka Afrika kupitia Moroko, unapita karibu na visiwa vya Azores vya Wareno katikati ya Atlantiki, ndipo unateremkia Marekani. Njia ya rula ni ndefu kuliko ya uzi kwa zaidi ya kilomita 300. Hizo ni kama dakika 20 za kuruka, na mafuta yake.

Kwa hiyo abiria anayekaa mbele ya kile kioo cha kiti, akiona kindege kidogo kikipanda kwa mshazari juu ya Sahara, asihofu kwamba rubani amepotea njia. Mshazari ule ndio mnyoofu.

Jambo la pili ni kwamba saa 15 za kwenye ratiba si saa za kuruka. Zinahesabiwa tangu ndege inaposogea kutoka getini mpaka inaposimama geti la upande wa pili. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, kujiburura kwenda kwenye njia ya kurukia, kungoja zamu. Uwanja wa Jomo Kenyatta una njia moja tu ya kurukia na kutua, ndefu zaidi ya kilomita 4, na ndege zote hupokezana hiyo moja. Uwanja wa John F. Kennedy una njia nne, na bado foleni yake inajulikana duniani. Mashirika yanajua haya, kwa hiyo huongeza dakika kwenye ratiba. Ndiyo maana mara nyingine utasikia rubani akitangaza mmefika nusu saa kabla ya wakati ilhali hakuwa na haraka yoyote. Dakika alizowekewa za kungoja hazikuhitajika siku hiyo.

Sasa upepo. Hapa nitakaa kidogo.

Watu wa mwambao wetu hawahitaji kufundishwa kwamba umbali hutegemea upepo. Ungemuuliza nahodha wa jahazi la Lamu au Zanzibar safari ya Muscat inachukua siku ngapi, angekuuliza kwanza unaondoka mwezi gani. Kaskazi iliwaleta Waarabu kuanzia Novemba au Desemba, kusi iliwarudisha kuanzia Aprili, na aliyechelewa alikaa akisubiri upepo ugeuke. Na hata New York yenyewe tuliwahi kuifikia kwa tanga. Februari mwaka 1840, meli ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, iitwayo Sultana iling'oa nanga Zanzibar ikiwa na pembe na karafuu, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda Atlantiki, ikaingia bandari ya New York tarehe 30 Aprili. Karibu miezi mitatu. Naitaja kwa kuwa ni safari ya watu wetu, na kwa kuwa manahodha wale waliuliza swali lile lile ambalo rubani wa leo huuliza kabla ya kuwasha injini: upepo ukoje?

Huko juu, kilomita 10 au 12 kutoka ardhini, katika sehemu za kaskazini mwa dunia, unapita mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Majira ya baridi mkondo huo huzidi kilomita 200 kwa saa mara nyingi, na zipo siku huvuka 300. Aliyeupima mapema kwa makini alikuwa Mjapani, Wasaburo Oishi. Miaka ya 1920 alikuwa akirusha maputo na kuyafuatilia, akaona yakifika juu yanasombwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1926 taarifa yake ilitoka kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili isomwe na mataifa yote. Walioisoma walikuwa wachache. Marubani wa Marekani waliotumwa kuishambulia Japani mwaka 1944 waliujua upepo ule kwa shida, ndege zao zilipokuwa zikihangaika kusonga mbele kwa kasi yao yote.

Nguvu yake ilionekana wazi mwezi Februari mwaka 2020. Ndege ya British Airways iliyotoka New York usiku wa dhoruba ilifika London kwa muda usiotimia hata saa 5. Kwa kawaida safari hiyo huwekewa kama saa 7, na ya upande wa pili, ya kuukabili upepo, kama saa 8. Rubani yule hakuipa ndege nguvu isiyo ya kawaida. Hewa nzima iliyoibeba ilikuwa ikielekea London.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mada hii inapoguswa, na ni swali la akili kabisa. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Basi ndege ikienda magharibi, si New York inaijia? Mbona kwenda ndiko kunakochukua muda zaidi? Jibu ni kwamba hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Ndege iliyosimama uwanjani Nairobi tayari inazunguka na ardhi iliyo chini yake, na ikipaa haiachi kuzunguka. Kinachobaki kumsaidia au kumzuia rubani ni ule mwendo wa hewa unaozidi au kupungukiwa na wa ardhi, yaani upepo. Na upepo wa magharibi huzaliwa na mzunguko huo huo: hewa ya joto ya ukanda wetu inapopanda na kuelekea kaskazini hupindishwa kuelekea mashariki.

Kwa nini basi tofauti yetu ya Nairobi na New York ni nusu saa hivi, wakati London na New York, ambazo hazifikii nusu ya umbali wetu, hutofautiana kwa saa nzima? Kwa sababu ya ule uzi wa kwenye tufe. Kuanzia Nairobi mpaka ndani ya Sahara, ndege iko kwenye ukanda wa joto, ambako mkondo ule mkali haupo. Hukutana nao ikikaribia Moroko na baharini. Sehemu kubwa ya safari yetu inapita kwenye hewa tulivu.

Niruhusuni jambo moja ambalo halihusu hesabu. Ukisafiri kwenda New York mwezi Desemba, jua linakuchwea Nairobi mnamo saa 12:30 jioni. Hulioni tena mpaka lichomoze New York, kama saa 1:15 asubuhi yao. Kati ya kutua huko na kuchomoza huko zinapita saa 20 na zaidi za giza. Ndege inalikimbia jua kwa usiku mzima na jua linaifuata polepole. Wahudumu huzima taa, watu hulala, huamka, hulala tena, watoto huuliza kama kumekucha, na dirishani ni nyota zile zile. Mwislamu anayengoja Alfajiri ataingojea sana, kwa maana inazidi kurudi nyuma kila anaposonga. Sijui safari nyingine ya kawaida ya watu wetu yenye usiku mrefu kiasi hicho.

Turudi kwenye saa zetu, sasa tutazame ardhi tunayoondokea. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa John F. Kennedy uko mita 4, karibu uguse maji. Tofauti hii abiria haioni, lakini ndege inaihisi vikali. Kwenye mwinuko wa Nairobi hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Bawa hushikilia hewa, na hapa hewa ya kushikilia ni kidogo. Injini nayo hulishwa hewa, na hapa chakula chake kimepungua. Kwa hiyo ndege yenye uzito ule ule huhitaji kukimbia kwa kasi zaidi, na kwa urefu zaidi, kabla ya kunyanyuka.

Mkikaa dirishani usiku ule mtaishuhudia. Shirika lilitangaza kwamba kila upande wa safari hii unahitaji tani 85 za mafuta, marubani 4 na wahudumu 12. Weka juu yake abiria hadi 234 na mizigo yao. Ndege inaanza kukimbia, taa za pembeni zinapita, zinapita, na mtu aliyezoea ndege ya Kisumu au Mombasa anaanza kujiuliza mbona haijainuka. Pua inanyanyuka taratibu. Ardhi inaachia kwa uzito. Kuondoka usiku kunasaidia, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito kuliko ya mchana. Hata hivyo, siku ambayo upepo wa mbele ni mkali na mafuta lazima yaongezwe, uzito huo hauna budi kutolewa mahali pengine: kontena la mizigo linabaki nyuma, au viti kadhaa vinaondoka vitupu. Kurudi ni afadhali mara mbili. Unaondokea usawa wa bahari, hewa nzito, njia ndefu, na upepo mgongoni.

Jirani zetu wa Addis Ababa wamebeba mzigo mkubwa kuliko wetu. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopia kwenda Washington ililazimika kutua njiani kuongeza mafuta, kwa mfano Dublin, kwa kuwa haingeweza kupaa kutoka Addis ikiwa na mafuta ya safari nzima na abiria wake. Kurudi, kutoka Washington, ilikuja moja kwa moja. Kilomita ni zile zile kwenda na kurudi, na bado upande mmoja ulikuwa na kituo, mwingine haukuwa nacho.

Mpaka hapa nimesema ya Mungu: umbo la dunia, upepo, milima. Nimebakiza ya wanadamu.

Ule uzi wetu ulipita Darfur. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili mwaka 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege za abiria zikalazimika kuikwepa. Uzi ulipita Niger. Baada ya mapinduzi ya Julai mwaka huo huo, watawala wapya wa Niger walifunga anga yao kuanzia tarehe 6 Agosti, na haikufunguliwa mpaka Septemba. Niger ni nchi kubwa katikati ya njia kuu za kaskazini na kusini. Ukichanganya na Sudan, na Libya ambayo marubani wengi walikuwa wakiiepuka tangu zamani, ukuta ulisimama angani karibu nusu ya upana wa bara. Ndege zilizunguka. Kila kona ya kuzunguka ni dakika, kila dakika ni mafuta, na mafuta hayo hulipwa na abiria ambaye hakupiga risasi wala hakupindua serikali.

Na tutazame Chad, ambayo uzi wetu unaikata katikati. Nairobi na N'Djamena ziko umbali wa kilomita 2,800 hivi. Ni safari ya saa tatu na nusu kwa ndege ya moja kwa moja, chini ya robo ya safari ya New York. Lakini mfanyabiashara wa Nairobi anayetaka kwenda N'Djamena mara nyingi hulazimika kupitia Addis Ababa, akaketi huko saa kadhaa akisubiri ndege ya pili. Ndege inayokwenda Marekani inavuka nchi ile anayoitaka, yeye akiwa bado kwenye benchi la uwanja wa tatu. Na huyo ana bahati, kwani kuna miji ya Afrika ambayo Mkenya au Mtanzania huifikia kwa kupitia Ulaya au Ghuba, akaombwa hata viza ya kupita kwenye nchi asiyo na haja nayo.

Mawaziri wetu walikubaliana mjini Yamoussoukro mwaka 1999 kwamba anga za Afrika zifunguliwe kwa mashirika ya Afrika. Januari mwaka 2018, mwaka ule ule wa safari ya New York, Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga. Karatasi zipo na sahihi zipo. Lakini bado nchi moja huinyima nyingine ruhusa ya kutua mara nyingi zaidi kwa wiki ili kulilinda shirika lake la taifa, na kodi na ada za viwanja zimepandishwa mpaka tiketi ya kwenda nchi jirani inaishinda ya kwenda Dubai. Watu watasema abiria ni wachache, ndege itaruka tupu. Nami nauliza, abiria wataongezeka vipi kama safari ya saa tatu na nusu inachukua siku nzima? Barabara ya kwenda Namanga ingebaki ya vumbi leo kama tungesubiri kwanza magari yajae ndipo tuiwekee lami. Hili linaniuma, na naomba liwaume pia wale wanaokaa kwenye meza za mikataba hiyo kwa niaba yetu.

Nimalize na ombi nililoletewa na wengi: mgeni wangu anatoka New York, nije uwanjani saa ngapi? Usihesabu tangu alipokupigia simu akiwa kwenye foleni ya kupanda, maana foleni ya kuruka bado hajaikuta. Tazama saa ya kufika, ambayo ni ya Nairobi, na kabla ya kutoka nyumbani hakikisha kwenye simu kama upepo umeiwahisha ndege au umeichelewesha. Kumbuka saa hiyo ni ya kusimama getini. Kuna uhamiaji, kuna mkanda wa mizigo, kuna watu wa forodha watakaotaka kujua ndani ya masanduku kuna nini. Ikiwa imeandikwa saa 4:55, huenda asikutokee mlangoni kabla ya saa 6 kasorobo. Anayetoka Nakuru ana nafasi ya kunywa chai njiani, na amwekee mgeni sweta mkononi kama ni Julai, kwa kuwa ametoka kwenye joto la New York na hajui kwamba sisi huku ndio tuko kwenye baridi.